Bibi Ameanguka Vizuri, na Habari Nyingine za Kupenda kwa Kijerumani

Juzi usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Yuko Dar, anajiandaa na mtihani wa Kijerumani wa A1, ule wa ngazi ya kwanza kabisa. Sehemu ya kuongea inaanza kwa kujitambulisha: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha unazojua, kazi, na mambo unayopenda kufanya. Alikuwa amejirekodi ili nimsahihishe. Jina na umri vikaenda vizuri. Kisha akachanganya mwendo: "Ich liebe Kochen. Ich liebe Musik. Ich liebe Fußball. Ich liebe Ugali. Ich liebe meinen Lehrer." Akamalizia, "Dada, vipi, nimepatia?"

Ilikuwa imeshapita saa nne usiku, saa ambayo huku Ujerumani mtu hatakiwi hata kuburuta kiti, nami nikacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Kisarufi binti wa watu hajakosea. Shida ni kwamba mtahini atamsikia mtu aliyezama katika mapenzi mazito na muziki, na mpira, na ugali, na juu ya yote hayo na mwalimu wake. Simlaumu. Nilikuja huku kama au pair, yaani binti wa kuishi na familia na kusaidia kulea watoto, nikakaa na familia moja mwaka mzima, kisha nikaingia mafunzo ya kuhudumia wazee, na miezi ya mwanzo nilikuwa nampenda kila mtu na kila kitu kwa namna hiyo hiyo. Nilimwambia baba mwenye nyumba kwamba "ich liebe" supu yake. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye sahani, akaniangalia, akaangalia supu.

Tatizo linaanzia nyumbani. Sisi tuna kupenda, basi. Nampenda mama. Napenda pilau. Napenda mvua inyeshe usiku nikiwa nimeshalala. Nakupenda. Kitenzi kile kile kinabeba yote, na msikilizaji anajua mwenyewe hapa ni pilau na hapa ni ndoa. Wajerumani wameugawa mzigo huo kwa maneno kama matano hivi, kila moja na mlango wake, na *lieben* ndiyo imepewa mlango wa ndani kabisa. Wanaitumia kwa vitu pia, sikatai, hasa vijana na matangazo ya biashara, lakini mgeni akianza nayo anaonekana kama mtu aliyeingia ukumbini kwa kishindo.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu: weka *liebe* pembeni, chukua *gern*.

*Gern* ni kaneno kadogo tu, wala si kitenzi. Maana yake ni kama "kwa kupenda", "kwa moyo". Kwenye sentensi hakiwezi kusimama peke yake. Lazima kiegemee kitendo. *Ich koche gern*: napika kwa kupenda. *Ich höre gern Musik*: nasikiliza muziki kwa kupenda. Ukitaka kusema unapenda chai, huwezi kuiacha chai ikae mezani bila kazi. Lazima useme unaifanya nini. *Ich trinke gern Tee.* Chai inanywewa, muziki unasikilizwa, kitabu kinasomwa. Kijerumani hakikuulizi unapenda nini. Kinauliza unafanya nini kwa kupenda.

Na hapo ndipo uongo unapokamatwa. Nikamwuliza mdogo wangu: huo mpira, unaupenda vipi? Kwa sababu kuna *ich spiele gern Fußball*, nacheza, na kuna *ich sehe gern Fußball*, natazama. Akanyamaza kidogo. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kupiga mpira hata wa makaratasi. Ni Yanga wa kwenye kochi. Basi ni *sehe*, mama, ni *sehe*.

Mahali pa kuliweka, mara nyingi: nyuma ya kitenzi, mbele ya kile kitu. *Ich esse gern Fisch.* Ukikataa, unatanguliza *nicht*: *ich esse nicht gern Fisch*. Wengi wanaotoka kwetu wanaliachia *gern* mwisho wa sentensi kama pambo. Mjerumani atakuelewa, ila huenda akahisi umetunga kichwani kwa lugha nyingine.

Kisha likipanda ngazi linabadilika sura kabisa: *gern*, *lieber*, *am liebsten*, yaani kwa kupenda, kwa kupenda zaidi, kwa kupenda kuliko vyote. Vitabu vinalifundisha kwa jedwali, na mimi jedwali hilo lilinikataa hadi siku niliyogundua kwamba *lieber* ninayo tangu utotoni. Ni afadhali. Ni heri. *Ich trinke gern Kaffee, aber lieber Tee*: kahawa nakunywa kwa kupenda, ila heri chai. Mama yangu akisema "afadhali nitembee kwa miguu kuliko kupanda lile daladala", hiyo ni *lieber gehe ich zu Fuß*, wala huhitaji kupitia Kiingereza kuifikia. Wajerumani wana msemo, *lieber ein Ende mit Schrecken als ein Schrecken ohne Ende*, yaani afadhali mwisho wa kutisha kuliko kitisho kisicho na mwisho. Nilipousikia kwa mara ya kwanza masikio yangu yalisikia "heri nusu shari kuliko shari kamili". Tangu siku hiyo *lieber* haikunisumbua tena.

*Mögen* ndiyo inayofuata. *Ich mag, du magst, er mag*, halafu *wir mögen*. Hii ndiyo ya kupenda vitu na watu bila makeke: *ich mag Mangos*, *ich mag meine Nachbarin*. Ni rahisi na ni salama. Hatari yake siyo ya kisarufi, ni ya tabia, maana Mjerumani ukimwambia unapenda kitu anakuamini.

Sisi tumelelewa kutosema "sipendi" kwenye chakula cha mtu. Ukiwekewa, unakula, unasifia, unashukuru. Basi wiki yangu ya pili pale kwenye familia nikapikiwa Rosenkohl, vikabichi vidogo vya kijani saizi ya ndimu, vichungu, vinanuka kama vilichemshwa tangu enzi za babu. Mama mwenye nyumba akauliza, *magst du das?* Nikatabasamu kwa adabu zote za Tanga. *Ja, ich mag das sehr.* Akafurahi kweli. Kuanzia siku hiyo, majira yote ya baridi, kila Alhamisi: Rosenkohl. Wakati mwingine na jibini juu, kwa heshima yangu. Mwezi wa tatu ndipo nikajifunza maneno yaliyoniokoa, *nicht so gern*. Siyo "sipendi"; ni "sivipendi hivyo sana". Nilitetemeka kuyasema. Akaniangalia kwa mshangao, akauliza mbona hukusema, na Alhamisi iliyofuata tukala karoti. Hakununa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeona aibu wiki nzima.

Upande wa pili wa adabu nako niliangukia pua. Kwenye vitabu *wollen* ni kutaka. Saa moja asubuhi, foleni ya duka la mikate, watu kumi nyuma yangu, nikasema kwa sauti ya kujiamini: *ich will zwei Brezeln*. Nilipewa. Ila kimya kilichopita hapo kilikuwa na uzito. Nataka brezeli mbili! Na mimi ni Mtanzania, ambaye kwetu hata dukani kwa Mangi husemi "nataka", unasema "naomba", naomba kiberiti, naomba vocha ya buku. (Wakenya mtanisamehe, nyie mna "nipe" yenu na inawafikisha.) Hiyo "naomba" yetu kwa Kijerumani ni *ich hätte gern*. *Ich hätte gern zwei Brezeln, bitte.* Au *ich möchte*. Ukiyachunguza yote mawili utaona yamejengwa kwa kitu tunachokijua vizuri: -nge-. *Mag* ni napenda, *möchte* ni ningependa. *Habe* ni nina, *hätte* ni ningekuwa na. Mwalimu wangu aliiita Konjunktiv II akaandika ubao mzima. Angeniambia tu "ni -nge- ya Kiswahili" tungetoka darasani mapema.

Usichanganye *mag* na *möchte*, lakini. Ukikaa mgahawani ukamwambia mhudumu *ich mag Tee*, umempa habari kuhusu maisha yako. Atakujibu vizuri sana, kisha atasubiri uagize.

Na ukikaribishwa nyongeza, *noch etwas Suppe?*, usijibu *danke* peke yake kama bado una njaa. *Danke* hapo ni hapana asante, na bakuli linaondoka. Kwetu "asante" ya namna hiyo ni mwanzo wa mazungumzo. Mwenyeji anakuongeza huku unakataa. Huku ni mwisho wa kesi. Sema *ja, gern*.

Sasa nifike nilikotaka kufika, kwenye *gefallen*, maana hii ndiyo iliyotaka kunifukuzisha kazi.

*Gefallen* ni kupendeza. Mtu yeyote aliyewahi kuona Facebook ya Kijerumani ameiona: kwenye kile kidole gumba pameandikwa *Gefällt mir*. Wanaopitia Kiingereza wanateseka nayo, kwa sababu pale mtu ndiye anayekipenda kitu, na huku kitu ndicho kinachompendeza mtu. Sisi hatuna haja ya kuteseka. *Das Lied gefällt mir*: wimbo huu unanipendeza. Wimbo ndio mtendaji, na mimi nimejibanza katikati ya kitenzi, -ni-. Hiyo -ni- ndiyo *mir*. Hiyo -ku- ni *dir*. Wimbo unampendeza: *gefällt ihm*, au *ihr* kama ni mwanamke. Unatupendeza: *gefällt uns*. Wanachokiita Dativ, ambacho kimewatoa watu machozi, sehemu hii tulishakimaliza tukiwa tunacheza rede. *Schmecken* ni hivyo hivyo, kwa chakula: *die Suppe schmeckt mir*, supu imeninogea. Tahadhari moja tu: sisi tukimwambia mtu "gauni limekupendeza" tunamaanisha limemkaa. Hiyo kwa Kijerumani ni *das Kleid steht dir*. Ukisema *gefällt dir* umemwambia kwamba yeye analipenda, jambo ambalo pengine alikuwa analijua.

Mimi haya yote nilikuwa nayo. Kilichoniponza ni wakati uliopita.

Makao ninayofanyia kazi yako kusini, upande wa Waswabia, na mwisho wa zamu kila mtu anaandika kwenye kompyuta yaliyotokea. Sentensi ni fupi, za kukatakata, kama simu ya upepo ya zamani. Kulikuwa na bibi mmoja, nitamwita Bibi wa Dirishani kwa sababu ndipo alipokaa siku zote, ambaye hakuwa ametoka nje tangu baridi ianze. Mwezi wa nne jua likatoka, nikamfunga skafu, nikamsukuma kwa kiti chake hadi bustanini. Tulikaa kama nusu saa chini ya mti wa tofaa unaoanza kuchanua. Hakusema kitu, ila alikuwa amenyoosha uso juani, macho kafumba. Nilifurahi mno. Nikarudi ndani, nikaandika: *Bewohnerin war im Garten. Ist gut gefallen.*

Nilidhani nimeandika: mkazi alikuwa bustanini, imempendeza sana.

Saa mbili usiku simu ikalia. Ni dada kiongozi wa zamu, mwanamke mwenye miaka thelathini kwenye kazi hii na sauti ya afande. *Wo ist das Sturzprotokoll?* Iko wapi fomu ya kuanguka? Kwa sababu *gefallen* hiyo hiyo ni pia umbo la *fallen*, kuanguka. Ukiiweka na *hat*, kitu kimempendeza mtu: *es hat ihr gut gefallen*. Ukiiweka na *ist*, mtu yuko chini. Na kwenye makao ya wazee hakuna jambo linaloandikwa kwa makini kama kuanguka. Kuna fomu nzima: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, kavaa viatu gani, ameumia wapi, nani amejulishwa. Nami nilikuwa nimeandika, kwa utulivu na saini yangu, kwamba bibi wa miaka themanini na ushee alikuwa bustanini na ameanguka. Vizuri.

"Ameanguka *vizuri*?" dada aliniuliza. "Kuanguka vizuri ndiyo kukoje?"

Walikuwa wameshamkagua mwili mzima. Bibi wa watu amelala zake, anaamshwa, anabonyezwa nyonga, anaulizwa wapi panauma. Nikaeleza. Upande wa pili pakawa kimya muda mrefu, halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa yule mama: kicheko. Alicheka hadi akakohoa. Kesho yake nilikuta karatasi imebandikwa kwenye kompyuta kwa gundi ya karatasi: HAT = 😊, IST = Notarzt. Yaani daktari wa dharura. Ilikaa pale mwaka mzima.

Bibi yule yule ndiye alinifundisha kwamba hata *schmecken* usiiamini moja kwa moja. Siku moja akaoneshea kidole chombo cha maua, akasema kwa Kiswabia chake, *des schmeckt!* Nikawaza, jamani, anataka kunywa maji ya maua. Nikakisogeza mbali haraka. Akanikunjia uso, akarudia. Kumbe kule kusini *schmecken* kwa wazee ni kunuka pia, na yale maji yalikuwa na siku kumi.

Kwa watu, nitasema kwa haraka kwa kuwa hili mdogo wangu aliuliza kwa sauti ya chini kidogo, na nikajua kuna jambo. *Ich mag dich*: nakupenda kama mtu, uko vizuri. *Ich hab dich lieb*: hii ni ya mama kwa mtoto, ya dada, ya rafiki wa kufa na kuzikana, kwenye meseji wanaifupisha *hdl*. *Ich liebe dich*: hapo umetangaza, jipange. Nimeona Wajerumani wanakaa pamoja mwaka mzima kabla mmoja wao hajaitamka. Kwa hiyo kijana wa Kijerumani akikuandikia *hab dich lieb*, usimwite mama kuanza kupanga vikao. Na ukisikia mtu anasema *der kann mich gern haben!*, usifikiri kuna mapenzi kwa sababu umeisikia *gern*. Nilimsikia mwenzangu akiisema baada ya kukata simu kwa nguvu, nikamwambia hongera. Maana yake ni kama "akafie mbele huko".

Kuna pia kutopenda wala kutochukia, ambako wana neno zuri kuliko yote: *das ist mir Wurst*. Kwangu ni soseji. Yaani shauri yao.

Kitu ambacho hakuna kitabu kilinifundisha ni kusikia sifa pale ambapo hakuna sifa. Sisi tukipenda tunasema. Chakula kimekolea, mikono yako ina baraka, umepika mwenyewe kweli? Waswabia wana msemo wao: *net gschimpft isch gnug globt*. Kutogombezwa kunatosha kuwa sifa. Miezi sita ya kwanza nilidhani nachukiwa, kumbe nilikuwa nasifiwa kila siku kwa kimya. *Nicht schlecht*, si mbaya, ni sifa kubwa. *Kann man essen*, inalika, ni sifa pia. Nilishaona mtu anasema "inalika" huku anaramba sahani.

Nilijua hivyo siku niliyopika maandazi. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikatengeneza ya iliki na tui la nazi, nikayapeleka yakiwa ya moto kwenye taulo la jikoni. Bibi wa Dirishani alichukua moja akaligeuza kama mtu anayekagua sarafu ya bandia. Akala. Akachukua la pili. Nikaona nipate zoezi la lugha hapohapo: *schmeckt's?* Akatafuna mpaka mwisho, akapangusa vidole kimoja kimoja, akasema, *net schlecht*. Akanyoosha mkono kwa la tatu.

Kila mkazi ana karatasi yake ya maisha, pale familia na sisi tunapoandika alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, anapenda nini na hapendi nini, ili hata akifika mahali hawezi kusema, mtu wa zamu ajue. Kwake sehemu ya mapenzi ilikuwa na mistari miwili tu, ya kahawa na ya dirisha. Nikaongeza wa tatu, na safari hii nilihakiki kila neno kabla ya kusaini: *Isst gern Mandazi. Lieber warm. Am liebsten drei.* Anakula maandazi kwa kupenda. Heri yakiwa ya moto. Kuliko yote, matatu.

Usiku simu ikalia. Dada kiongozi wa zamu. Ameusoma mstari, hana tatizo na sarufi. Anauliza tu Mandazi ni dawa ya nini, na daktari gani ameiandika.